Mashine ya Quantum ya "kupima mwili mzima": kabla hujaishika, na kabla hujaacha kazi ya kompyuta ukainunue

Jina lake la dukani ni Quantum Resonance Magnetic Analyzer. Mitaani imeshazoeleka kama "Quantum" tu, au mashine ya kupima mwili mzima. Utaikuta kwenye vituo vya tiba mbadala, kwenye mabanda ya maonesho na kwenye meza za wauza virutubisho. Unashika chuma, unasubiri kama dakika moja, printa inaanza kutema kurasa: ini, figo, moyo, mifupa, kizazi, vitamini, hadi madini ya sumu mwilini.

Tathmini hii inawahusu watu wawili. Wa kwanza ni anayetaka kushika kile chuma ili ajue hali ya afya yake. Wa pili ni kijana aliyesoma kompyuta, ambaye ameambiwa kwamba fani yake inatosha kabisa: anunue mashine, aache kazi, afungue kituo, aitwe daktari. Jibu kwa wote wawili ni lile lile. Msitoe pesa. Sababu zimo ndani ya boksi na ndani ya programu yake, na nyingi kati ya hizo mtu anaweza kuzihakiki mwenyewe mchana mmoja.

Mashine kwa kawaida huja kwenye mkoba mgumu uliowekwa sponji ndani. Kuna boksi dogo lenye taa, waya wa USB, chuma cha mviringo cha kushika kwa kiganja kikiwa na waya wake, programu kwenye CD au flashi, na mara nyingi kijiti kingine cha USB ambacho bila kukichomeka programu haifunguki. Matoleo mengine yana bamba la kuwekea kiganja au bangili ya chuma. Laptopu ni ya kwako. Mhudumu anaandika jina, jinsia, umri, urefu na uzito, anabonyeza kitufe cha kuanza, na mchoro wa mwili unachezacheza kwenye kioo hadi asilimia 100.

Tuanze na umeme. Boksi halina chanzo kingine cha nishati zaidi ya waya wa USB. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na mkondo usiozidi milliampea 500, yaani wati 2.5 kwa jumla. Jina la "resonance magnetic" limeazimwa kutoka kwenye MRI (magnetic resonance imaging), mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na hapo ndipo wengi wanapotekwa, kwa sababu MRI ni kweli na inaheshimika. Lakini MRI ya kawaida hospitalini ina sumaku ya tesla 1.5 au 3. Koili zake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi takriban 269 chini ya sifuri, na kwenye tesla 1.5 viini vya haidrojeni mwilini huitikia mawimbi ya karibu megahezi 64. Mashine nzima ina uzito wa tani kadhaa, na chumba chake hukingwa ili mawimbi ya redio ya nje yasiingie. Baada ya yote hayo, kinachotoka ni picha. Hata MRI haikupi orodha ya vitamini zako. Kwa hiyo boksi la wati 2.5, lisilo na sumaku ya maana, haliwezi kuwa linafanya kazi ile kwa ufupisho.

Basi chuma kile kinaweza kupima nini? Kama kina mguso wa pande mbili, yaani chuma na bamba, au chuma chenye nusu mbili zilizotengwa na plastiki, kinaweza kupima jinsi ngozi ya kiganja inavyopitisha umeme. Kiganja kikavu kinaweza kuzuia umeme kwa makumi ya kiloomu au zaidi; kikilowa jasho, kizuizi kinashuka sana. Namba hiyo hubadilika kwa jasho, kwa losheni, kwa nguvu ya kushika, kwa woga wa kusubiri majibu. Ni kipimo halisi cha unyevu wa ngozi. Si kipimo cha ini.

Hapa ndipo mtu wa kompyuta anapopaswa kusimama na kutumia alichosoma. Kinachoingia kwenye programu ni mguso mmoja wa ngozi, pamoja na umri, jinsia, urefu na uzito. Kinachotoka ni ripoti zaidi ya thelathini zenye vipengele zaidi ya mia mbili, kila kimoja kikiwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Namba moja inayoyumba haiwezi kuzaa namba mia mbili zinazojitegemea. Zilizobaki lazima zitoke mahali pengine: kwenye majedwali yaliyokaa ndani ya programu, kwenye umri na uzito uliouandika, au kwenye kubahatisha. Hakuna mlango wa nne.

Chukua ripoti yenyewe uisome kwa karibu. Ina safu nne: kipengele, kiwango cha kawaida, kilichopimwa, na jibu lenye alama ya kutoa kwa salama, kisha jumlisha moja, mbili au tatu kadiri tatizo linavyozidi. Kwenye ukurasa wa madini, ripoti nyingi huandika kalsiamu 1.219 hadi 3.021, chuma 1.151 hadi 1.847, zinki 1.143 hadi 1.989. Tafuta kizio. Hakipo. Si miligramu, si milimoli kwa lita, si kitu. Maabara huiandika kalsiamu ya damu ya mtu mzima takriban milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita, na mwenye 3.0 anahitaji daktari bila kuchelewa. Kwa safu ya mashine, 3.0 ni salama. Muuzaji atasema hiyo si kalsiamu ya damu. Muulize basi ni ya wapi, na kwa kizio gani.

Ukurasa wa sukari ndio unaotisha zaidi. Kuna kinachoitwa "kigezo cha sukari ya damu", na kiwango chake cha kawaida huandikwa 2.163 hadi 7.321. Mteja anayejua kidogo kuhusu kisukari huisoma namba hiyo kama milimoli kwa lita, kwa sababu inafanana na zile anazoziona kwenye kipima sukari. Lakini kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu aliyekaa bila kula usiku kucha ikifika 7.0 ni ya kisukari, na ikishuka hadi 2.5 mtu huyo yuko hatarini, apewe sukari papo hapo. Zote mbili zimo ndani ya "kawaida" ya mashine. Chini yake kuna kigezo cha sukari ya mkojo chenye kiwango cha kawaida kuanzia 2.204. Mkojo wa mtu mzima wa afya ukipimwa kwa kijiti cha zahanati hauonyeshi sukari kabisa. Aliyetunga jedwali hili hakuwa anapima mkojo wa mtu yeyote.

Usituamini kwa maneno. Jaribu, na ukijaribu fuata utaratibu, kwa sababu jaribio la ovyo humpa muuzaji nafasi ya kujitetea.

La kwanza ni kurudia. Mtu yule yule apimwe mara tatu ndani ya nusu saa, kila mara akisajiliwa upya kwa jina jingine, umri na uzito vikiwa vile vile. Jina libadilishwe kwa sababu programu ikishamtambua mtu inaweza kukurudishia majibu yaliyohifadhiwa. Chapisha ripoti zote, pigia mstari kila kipengele kilichopewa jumlisha mbili au tatu, kisha zilinganishe. Kalsiamu ya mwili haibadiliki ndani ya dakika kumi. Ikibadilika kwenye karatasi, tatizo ni mashine.

La pili, badilisha ulichoandika tu. Mtu wa miaka 28 asajiliwe kama wa miaka 68, mwanamume asajiliwe kama mwanamke. Utapata ripoti ya kizazi na ovari kwa mtu mwenye tezi dume, kwa kuwa programu huchagua kurasa kulingana na kisanduku cha jinsia. Chuma hakikugundua chochote. Hapa lazima tuwe wa haki: kuingiza umri na jinsia peke yake si kosa. Mizani za kisasa za kukadiria mafuta ya mwili hufanya hivyo pia, na zina msingi halali. Tofauti ni kwamba mizani ile hutumia elektrodi nne au nane, hupima kizuizi cha umeme mwilini, na hutoa makadirio ya vitu vichache vinavyohusiana nacho moja kwa moja: maji, mafuta, misuli. Haijaribu kukuambia habari za nyongo.

La tatu, tafuta mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo, au mama aliyeondolewa kizazi. Asiseme. Apimwe. Ripoti ya kiungo ambacho hakipo itatoka na namba zake zote, tarakimu tatu baada ya nukta.

La nne, toa binadamu. Funga chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi kidogo, kama una bamba unganisha na kitambaa hicho hicho, kisha bonyeza anza. Kitambaa kilicholowa kinafaa kuliko kuacha chuma mezani, kwa sababu matoleo mengine hugoma yasipopata mguso. Ikitoa ripoti ya kinga ya mwili ya kitambaa, huna haja ya kuendelea.

La tano ndilo zito, na linafaa kwa anayefikiria kuweka mtaji. Tafuta watu kumi wenye kisukari na kumi wasio nacho, hali ya kila mmoja ikijulikana kwa kipimo cha maabara, kisha panga nafasi kumi za kupimwa. Rusha sarafu kwa kila nafasi uamue kama atakaa mwenye kisukari au asiye nacho, ili mhudumu asiweze kuhesabu waliobaki. Waliochaguliwa wavae mavazi yanayofanana, wakae nyuma ya pazia, watoe mkono tu. Umri na uzito uandikwe ule ule kwa wote. Mhudumu haulizi chochote. Aandike jibu kwa kila mmoja kabla ya yeyote kufungua karatasi ya maabara. Anayebahatisha tu ana nafasi ya asilimia 5 na kidogo ya kupatia wanane au zaidi kati ya kumi, hivyo wanane ni alama ya kuanza kumsikiliza, na jaribio lirudiwe kwa watu wengine. Sita au saba ni bahati ya kawaida.

Kwa mwenye ujuzi wa kompyuta kuna jaribio la sita. Weka Wireshark pamoja na USBPcap kwenye Windows, tambua kifaa kwenye Device Manager, kisha rekodi mawasiliano ya USB kwa vipimo viwili: kimoja mtu ameshika, kingine chuma kimefungwa kitambaa. Angalia wingi wa data zinazotoka kwenye boksi kuelekea kompyuta. Kama mkondo ni ule ule, chuma hakina kazi. Kama unatofautiana kidogo, umeona mguso wa ngozi. Kisha jiulize kama data hizo zinatosha kubeba matokeo mia mbili ya mwili wa mtu. Pia, kwenye matoleo yanayohifadhi ripoti kama ukurasa wa wavuti, ifungue kwa Notepad: unaweza kufuta na kuandika namba unayotaka, na hakuna saini wala alama ya kuzuia. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kuwa kumbukumbu ya matibabu.

Mbona basi wateja hutoka wakisema imewapatia? Kwanza, ripoti ni ndefu. Ukipima mambo mia mbili na kupiga jumlisha kwenye ishirini, ni vigumu kumkosa mtu kabisa, na mteja hushika yale mawili aliyokuwa akiyalalamikia na kusahau kumi na manane. Pili, mhudumu ana macho. Baba wa miaka 55 mwenye kilo 98 anapoingia, kutaja presha na maumivu ya magoti hakuhitaji mashine. Tatu, maelezo yenyewe ni mapana: uchovu, mzunguko hafifu wa damu, upungufu wa maji, sumu mwilini. Nani atakataa? Na nne, mteja huulizwa maswali wakati chuma kiko mkononi, na majibu yake humrudia baadaye kama kauli ya mashine.

Biashara hii ina historia ndefu. Miaka ya 1910 na 1920 huko San Francisco, daktari Albert Abrams alikodisha maboksi ya umeme aliyodai yanatambua na kutibu maradhi kwa mitetemo. Waliokodi walikatazwa kuyafungua. Wenye shaka walipeleka damu ya kuku kana kwamba ni ya mgonjwa, wakarudishiwa majina ya maradhi ya binadamu. Jarida la Scientific American liliunda kamati iliyochunguza madai hayo mwaka 1923 na 1924, nayo haikukuta kitu. Kilichobadilika leo ni kwamba boksi lina USB, na kwa hiyo mwenye digrii ya kompyuta anafaa sana kuliuza: anajua kuweka dereva, anajua kuzima antivirasi inayokamata nakala isiyo halali, na wateja humwamini kwa sababu anaongea lugha ya teknolojia.

Kwako wewe kijana, kuna mambo ambayo muuzaji hakuambii. Kwenye masoko ya mtandaoni ya China boksi hili halifikii bei ya simu nzuri. Unachouziwa kwa bei kubwa ni "mafunzo", cheti na mkataba wa kuchukua virutubisho vya kampuni. Faida imo kwenye virutubisho, na kipimo ni mlango wa kuvifikia. Ndiyo maana karatasi yenye majibu safi tupu ni adimu. Kisha kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake linalosajili watoa huduma. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya vifaa viko chini ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa na sumu. Cheti cha kampuni ya virutubisho si usajili wa Baraza, na stakabadhi ya forodha si usajili wa kifaa. Mteja naye ana haki ya kuomba namba zote mbili za usajili, ya mtoa huduma na ya kifaa, na akijibiwa kwa ukali ajue la kufanya.

Data ndiyo mtego ambao wewe hasa ungepaswa kuuona wa kwanza. Majina, namba za simu na "magonjwa" ya wateja hukaa kwenye laptopu ambayo pengine mhudumu mwingine anaitumia kutazama filamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukizikusanya, unawajibika kwazo, ziwe za kweli au za kubuniwa na programu.

Na kama kweli moyo wako uko kwenye tiba asili, kuna kazi. Tu Youyou na wenzake walipotafuta dawa ya malaria kwenye pakanga, Artemisia annua, dondoo zilikuwa hazitoi matokeo ya kutegemewa hadi walipotumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, badala ya joto kali lililokuwa likiharibu kiini cha dawa. Kazi hiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilikwenda mbele kwa kumbukumbu: mmea upi, sehemu ipi, joto gani, kipimo gani, matokeo gani. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya iliyoko Nairobi, hufanya utafiti wa mimea, na utafiti wa mimea hauendi bila hifadhidata za sampuli na uchambuzi wa takwimu. Hospitali nyingi za serikali Tanzania zinatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha hospitali, na takwimu za afya hupita kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanya na kuchambua takwimu, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara ya kuuendeleza. Huko ujuzi wako wa kompyuta unamsaidia mgonjwa kweli.

Tukirudi kwa mteja: madhara yako pande mbili. Aliyeambiwa ana sumu kwenye ini hununua dozi ya miezi mitatu kwa pesa ya ada. Aliyeambiwa yuko salama ndiye anayeumia zaidi. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa akioneshwa ukurasa wa kizazi wenye alama za salama, ataahirisha uchunguzi wa mlango wa kizazi ambao vituo vingi vya umma hufanya kwa dakika chache. Mwenye kikohozi cha wiki mbili atarudi nyumbani kuambukiza watoto, ilhali kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali.

Kama tayari una ripoti yenye jumlisha tatu na hulali, usiitupe kwa hasira wala usianze virutubisho. Nenda zahanati au kituo cha afya, eleza unavyojisikia kwanza, kabla ya kuitoa. Hofu ya sukari: omba kipimo cha asubuhi kabla ya kula, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ambapo asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Figo: kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo. Ini: vipimo vya damu vya ALT, AST na bilirubini, pamoja na kipimo cha homa ya ini B. Uchovu usioisha: wingi wa damu, na kipimo cha VVU, ambacho kwenye vituo vya umma hulipii. Presha ipimwe ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, mara mbili. Kila jibu litakuja na kizio chake. Na kama unatumia dawa za presha, kisukari, VVU au kifua kikuu, endelea nazo kama ulivyoandikiwa hadi aliyekuandikia atakapozibadilisha, hata kama ukurasa wa Quantum unasema umepona.